Mchagua Bisibisi Ndiye Fundi



Kuna methali ambayo wengi wetu tumeisikia tangu utotoni: mchagua jembe si mkulima. Mzazi humwambia hivyo mtoto aliyesimama mlangoni mwa ghala akigeuzageuza majembe, hili zito, lile mpini mfupi, na huku jua linapanda na shamba linasubiri. Jioni ya leo naomba kuipinga methali hiyo, kwa heshima zote, kwa kazi moja ambayo watu wengi sasa wanaijaribu wenyewe nyumbani: kufungua simu ya mkononi ili kubadilisha betri, kioo au tundu la chaji. Katika kazi hiyo, asiyechagua bisibisi huwa ameshaharibu kabla hajaanza.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Simu ya dada yangu ilikuwa inazimika ghafla hata chaji ikiwa asilimia 40. Betri ilikuwa imechoka. Nikanunua betri mpya, nikakaa mezani, nikaona skrubu mbili ndogo kandokando ya tundu la chaji. Sikuzitazama vizuri. Nilichukua bisibisi bapa ya kukazia miwani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote nyumbani, nikaisukumiza humo na kuzungusha. Mara ya kwanza iliteleza. Mara ya pili ikateleza tena. Mara ya tatu nikaona vumbi la chuma linang'aa pembeni mwa tundu, nami nikaongeza nguvu. Nilipoacha, kichwa cha skrubu moja kilikuwa kimelika chote, kimebaki shimo la mviringo lisiloshikika.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu. Akaiweka chini ya lenzi yake, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, "Kaka, simu hii ilikuwa na ugonjwa wa betri tu. Huu wa skrubu umeipa wewe." Kuitoa skrubu ile moja kulimchukua karibu saa nzima. Kubadilisha betri kulimchukua dakika 10.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza habari za bisibisi, na kila ninapojifunza naona lile kosa langu lilivyo la watu wengi. Tunadhani kazi ya simu ni elimu ya umeme na bodi na programu. Kumbe mlango wa kwanza ni kichwa cha skrubu chenye upana mdogo kuliko punje ya mchele, na mlango huo una ufunguo wake.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe linatupoteza. Huku kwetu ukienda duka la vifaa ukaomba bisibisi ya nyota, au ya sta, utapewa ile yenye alama ya msalaba. Ndivyo tulivyozoea kuiita. Lakini ukiitazama vizuri, ile ina mikono 4 tu, ni msalaba. Zipo nyota zenyewe hasa: ipo ya ncha 6, na ipo inayofanana na ua dogo la petali 5. Kwa hiyo anayesoma maelekezo yanayomtaka atumie bisibisi ya nyota, akaenda dukani akaomba ya nyota, atarudi na msalaba mkononi, na hapo msiba wa skrubu unaanza. Jioni ya leo nitaiita ya msalaba kwa jina lake, msalaba, ili nyota zibaki kuwa nyota.

Huu msalaba una historia yake. Mwaka 1936 Mmarekani mmoja wa mji wa Portland, Henry Phillips, alipata hataza zake juu ya skrubu ya namna hiyo, na kiwanda cha American Screw Company ndicho kilichoanza kuitengeneza. Viwanda vya magari viliipenda, Cadillac wakiwa miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu bisibisi ya mashine ilijipanga yenyewe katikati ya kichwa cha skrubu bila kuhangaika. Lakini urahisi huo una gharama yake. Ukiukata msalaba huo kwa ubavu utaona kuta zake hazikusimama wima. Zimeinama kuelekea chini kama faneli. Ukizungusha kwa nguvu, kuta hizo zinaisukuma bisibisi ipande juu na kutoka. Ikitoka huku inazunguka, inalamba kingo za chuma. Mara mbili tatu, kichwa kimelika. Ndiyo maana kwa skrubu ya msalaba kanuni ni moja: kandamiza kwanza, zungusha baadaye. Nguvu nyingi iende chini, nguvu kidogo iende kwenye kuzungusha.

Nyota ya ncha 6 inaitwa Torx. Ilibuniwa na kampuni ya Camcar ya Marekani mwaka 1967. Kuta zake zimesimama wima, kwa hiyo bisibisi haisukumwi juu. Inashika mpaka mwisho. Ile ya petali 5 inaitwa pentalobu, na ndiyo iliyonishinda mimi siku ile. Halafu ipo ya mikono 3, mfano wa herufi Y. Mimi huikumbuka kwa kuiita ya mafiga, maana inakaa kama mafiga matatu jikoni.

Sasa zinapatikana wapi? Ukiwa na simu nyingi za Tecno, Infinix au itel, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, ukishaondoa mfuniko wa nyuma utakutana na misalaba midogo. Simu nyingi za Samsung nazo ni msalaba kwa ndani, ingawa mara nyingi kuufikia inabidi kwanza ubandue mgongo uliogandishwa kwa gundi. Baadhi ya simu za Google Pixel zina nyota ya ncha 6 ya namba 3, iandikwayo T3. Na iPhone ndiyo yenye mchanganyiko mkubwa: nje, chini kwenye tundu la chaji, pana zile petali 5, ndani pana misalaba, na tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, ndani yake pana mafiga pia. Anayefungua iPhone kwa bisibisi moja anajidanganya. Anahitaji tatu, na wakati mwingine zaidi.

Ukishajua umbo, bado ukubwa. Hapa napo namba zinaweza kumchanganya mtu. Kwa misalaba midogo, sifuri zikiongezeka bisibisi inapungua: 0 ni kubwa kuliko 00, na 00 ni kubwa kuliko 000. Simu nyingi ziko kati ya hizo mbili za mwisho. Kwa nyota za T, namba ikipungua bisibisi inapungua. Petali 5 za iPhone huandikwa P2, na kwenye seti nyingi utakuta pia namba 0.8, yaani milimita 0.8. Usimwamini mtu anayekuambia hizi zinalinganalingana. Namba 00 ndani ya skrubu ya 000 haifiki chini. Inaelea juu na kukwangua kingo. Namba 000 ndani ya skrubu ya 00 inafika chini lakini inachezacheza. Zote mbili zinakula kichwa.

Kipimo nilichofundishwa na yule fundi ni rahisi na hakigharimu chochote. Laza simu mezani, weka ncha ya bisibisi kwenye skrubu, ishike kwa vidole viwili bila kukandamiza, kisha itikise kidogo kulia na kushoto. Ikiwa imekaa sawasawa, utaona bisibisi na skrubu vimekuwa kitu kimoja, hakuna mchezo. Ikitikisika kama jino bovu, iondoe, jaribu nyingine. Fanya hivyo kabla hujazungusha hata nusu duara.

Msikilizaji, labda utaniuliza: ninunue ipi? Madukani, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au Darajani kule Unguja, utaona visanduku vya ncha 20, 30 au zaidi, vya bei ya chini sana. Wingi wa ncha usikubabaishe. Mwenye simu moja nyumbani atatumia ncha 4 au 5 tu maisha yake yote. Cha kuangalia ni chuma. Ncha nyingi za bei ya chini ni chuma laini. Baada ya skrubu chache pembe zake zinaviringika, na ncha iliyoviringika huharibu hata skrubu iliyo mpya. Tafuta iliyoandikwa S2, ambacho ni chuma cha zana kilichotiwa ugumu. Au walau CR-V, chuma cha kromu na vanadi, ambacho ni imara ingawa kwa kawaida hakifikii ugumu wa S2. Maandishi peke yake si ushahidi, kwa hiyo itazame ncha kwenye mwanga: kingo zake ziwe kali na sawa pande zote. Kisha angalia mpini. Mpini mzuri wa kazi ya simu una kifuniko kinachozunguka juu yake. Kidole cha shahada kinakaa hapo na kukandamiza, kidole gumba na cha kati vinazungusha. Hapo ndipo ile kanuni ya kukandamiza kwanza inapowezekana bila mkono kutetemeka.

Ncha yenye sumaku kidogo ni msaada mkubwa, kwa sababu skrubu ya milimita moja na nusu haishikiki kwa vidole. Lakini ujue kuwa skrubu nyingine ndani ya simu hazivutwi na sumaku, kwa hiyo usiinamishe simu ukitegemea kwamba skrubu imejishika. Tumia kibano.

Sasa mahali pa kazi. Usifungulie simu juu ya mkeka. Skrubu ikiingia kati ya miyaa hutaiona tena. Chukua sinia, tandika kitambaa cheupe, fanyia kazi humo. Zima feni. Keti penye mwanga wa kutosha, na kama macho yamechoka tumia simu nyingine kupiga picha na kuikuza. Na piga picha kila hatua, kabla ya kutoa chochote.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo naomba ulisikilize kuliko yote. Skrubu za ndani ya simu mara nyingi hazilingani urefu, hata zikiwa zimekaa jirani, hata zikishika kibati kimoja. Chukua mfano wa iPhone 5s. Kibati kinachofunika viunganishi vya kioo kinashikwa na skrubu 4: mbili za milimita 1.7, moja ya milimita 1.3 na moja ya milimita 1.2. Kwa jicho la kawaida ni ndugu mapacha. Lakini ukiitia ile ndefu kwenye tundu la ile fupi na kuikaza, inapita mwisho wa tundu na kuingia kwenye bodi yenyewe, inakata njia za shaba nyembamba kuliko unywele. Simu inaweza kuwaka na kujizima yenyewe mfululizo, au isiwake kabisa. Nusu milimita tu. Aliyeua simu kwa namna hiyo mara nyingi hajui kama ameiua. Anasema kioo alichonunua kilikuwa kibovu, anamlaumu muuza duka.

Dawa yake ni karatasi. Chora umbo la simu kwenye karatasi kubwa, bandika selotepu, gundi ikitazama juu, na kila skrubu unayoitoa iweke palepale ilipotoka kwenye mchoro. Andika namba ya hatua. Wakati wa kurudisha, unarudi nyuma kwa mchoro ule ule, na mwisho karatasi ibaki tupu. Skrubu iliyobaki kwenye karatasi inakudai. Usifunge simu mpaka umelipa deni hilo.

Na wakati wa kurudisha, usikaze moja kwa moja. Weka skrubu kwenye tundu, izungushe kwanza kinyume, kama unayefungua, taratibu, mpaka usikie imeshuka kidogo kwa mdundo mdogo. Hapo meno ya skrubu yamekutana na meno ya tundu. Sasa geuza, kaza. Ukihisi ugumu usiotarajiwa katikati ya safari, simama. Ama skrubu imeingia upande, ama ni ndefu kuliko tundu lake. Ikifika mwisho, nguvu ya vidole viwili inatosha. Simu si gurudumu la lori.

Na kama kichwa kimeshalika? Kwanza acha kuzungusha. Kila mzunguko wa hasira unapunguza nafasi ya kupona. Chukua kipande cha mpira mwembamba wa kufungia noti, kiweke juu ya skrubu, kandamiza ncha mpya ya ukubwa sahihi kupitia mpira huo, zungusha polepole. Mpira unajaza mapengo na mara nyingine unashika. Skrubu nyingine zimetiwa gundi kwenye meno, ya buluu au nyekundu, na joto la wastani la draya ya nywele huweza kuilegeza. Lakini usichome moto, na usisahau kwamba betri iko karibu. Ikishindikana, peleka kwa fundi mwenye lenzi na zana. Kujua pa kuachia nako ni ufundi.

Kuhusu betri nitasema kwa ufupi na kwa mkazo. Kabla ya kufungua, tumia simu mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 25, kisha izime, maana betri yenye chaji kidogo ikipata ajali moto wake ni mdogo. Ukishafika ndani, jambo la kwanza kabla ya kingine chochote ni kutenganisha kiunganishi cha betri, kwa kipande cha plastiki. Na bisibisi isitumike kamwe kubandulia betri. Ncha ya chuma ikitoboa betri ya lithiamu, moshi na moto huweza kutoka ndani ya sekunde chache. Betri iliyovimba usiiguse nyumbani. Hiyo si kazi ya kujifunzia. Na simu iliyotengenezwa kuzuia maji, ukishaifungua na gundi yake ikakatika, usiitumainie tena kwenye mvua mpaka iwekewe gundi mpya inayostahili.

Msikilizaji, tumezungumza habari za mikono. Lakini kichwa cha skrubu kina habari nyingine pia, ya nani ana haki ya kufungua. Simu ya iPhone 4 ilipotoka katikati ya mwaka 2010 ilikuwa na skrubu za msalaba nje. Miezi michache baadaye Apple walianza kuzibadilisha na kuweka zile petali 5, ambazo wakati huo bisibisi yake ilikuwa adimu kwa mtu wa kawaida. Kampuni ya iFixit ya California, inayotoa maelekezo ya kutengeneza vifaa, ililipigia kelele jambo hilo mwanzoni mwa mwaka 2011 na kuanza kuuza bisibisi yake pamoja na skrubu za msalaba za kurudishia. Leo bisibisi ile ipo hata kwa mchuuzi wa barabarani. Kwa upande mwingine, kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilipotoa Fairphone 3 mwaka 2019, iliweka bisibisi ndogo ndani ya boksi pamoja na simu. Nalipenda tendo hilo. Ni kama muuza nyumba anayekukabidhi funguo zote, hata za stoo. Na Umoja wa Ulaya umeweka sheria ya betri ambayo kuanzia Februari 18, 2027, kwa kanuni yake ya jumla, ingawa ina misamaha, itataka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana zinazopatikana madukani.

Kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwa sababu betri nyingi za simu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Lualaba na Haut-Katanga, Kolwezi na kandokando yake, ambako watu huamkiana kwa Kiswahili kama sisi. Mtu ameingia ardhini kwa ajili ya ile simu. Simu hiyo ikitupwa kabatini kwa sababu kichwa cha skrubu moja kimelika, tumetupa jasho la jirani yetu kwa kukosa bisibisi ya bei ya mlo mmoja.

Narudi kwenye methali niliyoanza nayo. Nimeitafakari sana, na nadhani tumekuwa tukiisikia nusu. Yule mzazi aliyekuwa akimhimiza mtoto mlangoni mwa ghala, yeye mwenyewe alikuwa na jembe la kulimia na jembe la kupalilia, na hakuwahi kupeleka la kulimia kwenye palizi, maana lingekata mizizi ya mahindi. Alikuwa ameshachagua zamani, mkono wake unajua, ndiyo maana hakusimama mlangoni. Aliyekemewa ni mvivu anayechagua ili asiende shamba. Basi na wewe chagua bisibisi yako mapema, uijue, kisha kaa mezani ufanye kazi.

Simu ya dada yangu bado inafanya kazi. Chini yake, kando ya tundu la chaji, kuna skrubu moja ya zamani na moja mpya inayong'aa. Kila nikiishika napitisha kidole gumba hapo.